Leseni ya Biashara Haijui Nyumba Yako Ilijengewa Nini

Kuna imani moja imekomaa sana hapa Dar, kwamba ukishakuwa na TIN (namba ya mlipakodi) na leseni ya biashara umeitundika ukutani karibu na kaunta basi umemaliza, aje nani akuulize. Hapana bana. Leseni inakuhusu wewe na biashara yako. Nyumba ulimo ni habari nyingine, na kiwanja iliposimama hiyo nyumba ni habari ya tatu, na hizi habari tatu zinasomwa na watu tofauti kwenye ofisi tofauti, na mara nyingi hao watu hawaongei kabisa, yaani kila mmoja ana faili lake na muhuri wake.

Naandika haya kwa sababu mama yangu mdogo ana nyumba Sinza, watoto wake wote wameshatoka, vyumba viko tupu, na kwa muda mrefu amekuwa na wazo la kuigeuza kituo cha kulelea watoto mchana, dei kea tunavyoita. Na kwa kuwa kwenye ukoo mimi ndiye ninayesemwa nimesoma (nimesomea mambo mengine kabisa, lakini kwa wakubwa kusoma ni kusoma), faili likaangukia kwangu.

Sinza yenyewe ni darasa zuri la hii ishu. Ukipita pale leo jioni, nyama choma, baa, gesti, saluni, hosteli za wanafunzi, kanisa ghorofa ya pili, duka la dawa chini yake, huwezi kuamini kwamba eneo lile lilipimwa miaka ya 70 kwenye ule mradi wa viwanja uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, ili watu wa kipato cha kawaida wapate pa kuishi. Kuishi tu. Viwanja vingi havifiki hata mita za mraba 300, barabara za ndani nyembamba, na hesabu nzima ya maji, taka na magari ilipigwa kwa familia, tena familia za enzi ambazo gari lilikuwa la bosi. Kwa hiyo ukikuta leo mtaa umekwama saa moja asubuhi usimlaani dereva wa bajaji, kuna watu kama mia hivi kila mmoja kwa wakati wake aliamua nyumba yake sasa ni kitu kingine na hakumwambia mtu.

Tukaitoa hati. Ilikuwa kwenye bahasha ya kaki, imekunjwa mara nne, inanuka dawa ya mende. Sisi wengi kwenye hati tunasoma vitu viwili, jina na ukubwa wa kiwanja, tukiona jina ni la kwetu tunarudisha sandukuni. Lakini pale katikati kuna masharti, na moja ya masharti ni matumizi, pameandikwa kabisa kiwanja hiki ni cha makazi, na kundi la matumizi limetajwa. Hapo ndipo mama mdogo alipokasirika. "Nyumba yangu, kiwanja changu, nimelipa kodi ya ardhi kila mwaka, leo nimuombe nani ruhusa ya kulea watoto?"

Swali zuri, na jibu lake halifurahishi. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba yetu. Ulichonacho wewe ni haki ya kuitumia kwa muda, miaka 33, 66 au 99, na kwa masharti. Ukibadili matumizi bila kuomba umevunja makubaliano, hata kama hujagusa tofali. Halafu ipo Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, hii ndiyo inayowapa halmashauri meno ya kusema eneo hili liwe la nini na nani anaruhusiwa kugeuza nini. Hapo bado hatujafika kwenye biashara yenyewe.

Sasa kabla mtu hajaja kuniambia kwamba bibi anayeuza maandazi barazani naye akaombe kibali, hapana, tusiende huko. Nyumba zetu za Kiswahili toka zamani zina baraza mbele na ukumbi katikati, chumba cha mbele kikawa kiduka, au cherehani ikakaa barazani, na maisha yakaenda. Hiyo nyumba bado ni nyumba, usiku watu wanalala mle. Ninachosema mimi ni pale ambapo matumizi makuu yamehama, vitanda vimetoka na meza zimeingia, watu sita wamekuwa watu arobaini. Mpaka uko wapi hasa? Kwa maoni yangu angalia choo na barabara. Choo kikishazidiwa na barabara ikishaziba, umeshavuka, hata kama bado unajiita biashara ndogo.

Njia yenyewe ya kuomba kubadili matumizi naieleza haraka maana haina utamu. Unapeleka maombi halmashauri idara ya mipango miji, na nakala ya hati, risiti za kodi ya pango la ardhi zisiwe na deni (hapa wengi wanaishia), na mchoro unaoonyesha kiwanja na majirani. Afisa anakuja kuangalia eneo. Unatangaza kusudio lako, gazetini na pale pale kiwanjani kwa bango, watu wapate nafasi ya kuleta pingamizi. Kamati ya mipango miji inakaa, kisha faili linapanda wizara ya ardhi, na likikubaliwa hati yako inabadilishwa isomeke matumizi mapya. Na kodi ya ardhi inapanda, maana kiwanja cha biashara hakilipi sawa na cha makazi, hilo hakuna anayekuambia mapema, unaliona kwenye bili.

Hiyo ni ardhi tu. Ukitaka kuvunja ukuta au kupandisha kitu, kuna kibali cha ujenzi. Halafu kuna shughuli yenyewe. Dei kea iko chini ya ustawi wa jamii, lakini ukisema ni shule ya awali, watoto wale wale, uji ule ule, unahamia kwa watu wa elimu, na fomu zote zinabadilika. Zimamoto wanakagua na kutoa cheti. OSHA, wale wa usalama na afya kazini, wanasajili sehemu ya kazi. Ukiwa na mgahawa utakutana na TBS, shirika la viwango, ambao walichukua mambo ya chakula mwaka 2019 pale TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ilipogeuzwa TMDA, ya dawa na vifaa tiba. Ukiwa na kelele au moshi, NEMC, watu wa mazingira. Serikali yenyewe iliona huu msululu umezidi, ndio maana mwaka 2018 wakaja na ule mpango wanaouita Blueprint wa kupunguza tozo na mamlaka zinazogongana, na kweli vitu kadhaa vilifutwa. Ila msululu bado upo, sidanganyi.

Turudi kwenye bango, kwa sababu kwangu mimi hapo ndipo kibali chote kilipo, mengine ni mihuri.

Bango ndilo kitu ambacho kila mtu anataka kukikwepa. Nimeona limebandikwa ndani ya geti. Nimeona limebandikwa juu kwenye nguzo mahali ambapo labda kunguru ndiye angeweka pingamizi. Jamaa mmoja wa dili alinishauri kabisa, weka jioni, piga picha, ondoa asubuhi, picha ndiyo inayoingia kwenye faili. Mama mdogo akakataa, siyo kwa sababu ya sheria, ila kwa sababu amekaa mtaa ule zaidi ya miaka thelathini na hakutaka watu waseme amefanya mambo gizani. Tukaliweka getini upande wa barabara.

Kesho yake tu mzee wa nyumba ya nyuma akanisimamisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyetundika lile bango?"

"Ndiyo mzee."

"Maandishi madogo."

Nikakaa kimya.

"Mimi watoto siwapingi," akasema. "Watoto hawapigi muziki saa nane za usiku. Huyu wa upande ule alisema anafungua duka la vinywaji, mnajua wenyewe leo ni nini pale. Nyinyi napinga magari. Gari la maji taka likiingia mtaa huu hakuna anayetoka, sasa nyinyi mtaleta wazazi wangapi asubuhi? Na hilo shimo lenu la choo, liko wapi?"

"Nyuma mzee. Karibu na ukuta wako."

"Basi hapo ndipo penye kesi."

Na alikuwa sahihi kwa kila kitu. Lile shimo lilichimbwa kwa familia, siyo kwa watoto arobaini na walezi wao wanaojisaidia na kunawa mikono mara kumi kwa siku. Hakuna ofisi hata moja kati ya zile nilizopita iliyokuwa imeuliza shimo liko wapi kwa uhusiano na ukuta wa jirani. Aliyeuliza ni mtu anayelala upande wa pili wa ukuta. Kiwanja chetu ni cha kona, kwa hiyo tukakubaliana geti la kushushia watoto lihamie barabara ya pembeni ambayo ni pana kidogo, na shimo jipya lichimbwe mbele. Mzee akaandika barua kwa mkono kwamba hana pingamizi kwa masharti hayo mawili, mwenyekiti wa mtaa akaigonga muhuri, ikaingia kwenye faili. Afisa alipokuja kuangalia eneo alianza na ile barua, na ukaguzi ukaenda chap.

Unaona sasa? Tungeficha bango tungepata kibali cha kitu kinachovuja kwa jirani. Na jirani asingekwenda kamati ya mipango miji, angesubiri tufungue, halafu angeanza kupiga simu huku na huku. Hizi kesi za baa za makazi, NEMC wanakuja na kipimo cha kelele, wanafunga, mwenye baa analia mtaji umekufa, ukifuatilia nyuma utakuta jirani hajawahi kuulizwa hata siku moja. Nairobi walifika mbali zaidi, mwishoni mwa mwaka 2022 gavana Sakaja alitangaza kwamba klabu za usiku hazitapewa tena leseni kwenye mitaa ya makazi, kelele za watu zilikuwa zimeshakuwa siasa.

Kwa kuwa nimeitaja Kenya, wenzetu wana kipengele ambacho nakionea wivu. Sheria yao ya mwaka 2019 ya mipango ya matumizi ya ardhi inasema ukiomba ruhusa ya uendelezaji na siku 60 zikapita bila jibu la maandishi, unahesabiwa umeruhusiwa. Sisi huku faili likilala linalala, na wewe unalipa riba ya mkopo likiwa limelala. Lakini wivu wangu una mpaka, maana ruhusa inayotoka kwa sababu mtu hakujibu barua nayo ina hatari yake, ndani yake hakuna aliyeangalia shimo la choo.

Sasa jengo lenyewe. Hii ndiyo sehemu ambayo watu hawaielewi kabisa, wanadhani kibali ni karatasi ya kukusanya hela. Binamu yangu alitaka tumwage zege juu, tupate madarasa mawili ghorofani, na fundi akamwambia kwa mdomo mpana kwamba msingi ule unabeba hata ghorofa mbili. Tukamleta mhandisi. Yeye hakubishana na fundi, alitoa namba. Kwenye viwango vya Kiingereza vya BS 6399, ambavyo wahandisi wengi wa huku wamevisomea, sakafu ya nyumba ya kuishi inapigiwa hesabu ya kubeba kama kilo 150 kwa mita moja ya mraba, hapo ni watu na fenicha zao juu ya uzito wa jengo lenyewe. Ofisi 250. Darasa 300. Duka 400. Gym au ukumbi ambao watu wanaruka na kucheza, 500.

Zisome tena hizo namba ukifikiria lile kanisa la ghorofa ya pili, sebule tatu zimevunjwa kuta zikawa moja, watu mia wanaruka kwa pamoja kwa mdundo mmoja. Kwa macho nyumba ni ile ile, rangi ile ile. Sakafu ndiyo inajua.

Dunia nzima ilishaonyeshwa hili. Tarehe 24 Aprili 2013, Savar karibu na Dhaka, Bangladesh, jengo la ghorofa nane la Rana Plaza liliporomoka likaua watu 1,134. Mchoraji wake alisema baadaye kwamba yeye alilichora kwa ajili ya maduka na ofisi, siyo viwanda. Juu wakaweka viwanda vya nguo, mashine, marobota ya vitambaa, na jenereta kubwa zinazotikisa jengo kila umeme unapokatika, na ghorofa za juu kabisa ziliongezwa bila kibali halali. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa mle ikawaondoa wafanyakazi wake. Wa viwandani wakaambiwa warudi kazini. Asubuhi ile umeme ukakatika, jenereta zikawaka, jengo likashuka.

Wiki chache kabla ya hapo, Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, ghorofa lilikuwa limeanguka kwetu Dar, mtaa wa Indira Gandhi, watu 36 wakafa, lile lilikuwa bado linajengwa na lilishapita idadi ya ghorofa za kwenye kibali. Halafu Novemba 2024 Kariakoo, jengo ambalo lilikuwa limesimama na watu wanafanya biashara ndani likaanguka, zaidi ya watu 20 wakafa, na kilichosemwa mapema kabisa ni kwamba kulikuwa na uchimbaji unaendelea chini yake. Tulilia, tukapost picha. Baada ya wiki tatu nne kila mtu akarudi kwenye fremu yake.

Wazo la ghorofa la binamu likafa hapo hapo kwenye kikao na mhandisi. Fundi alinuna.

Zimamoto ndio walionigusa zaidi, na sikutegemea. Nilidhani watauliza mitungi ya kuzimia moto, tulinunua mapema, mipya kabisa, tukaitundika kwa kujidai. Askari aliangalia mitungi kama sekunde mbili, akaenda dirishani akatikisa nondo. Nyumba za Dar zote zina nondo madirishani, wezi wametufundisha hivyo, kwa familia ina maana, mnajuana, funguo mnajua ziko wapi. Sasa weka watoto wa miaka mitatu wamelala mchana chumba kimoja, mlango mmoja, na huo mlango unafungukia ndani. Akauliza: moto ukianza jikoni, hawa wanatokea wapi? Mimi nilikumbuka Kyanguli, ile sekondari ya Machakos, mwaka 2001, wavulana 67 walikufa bwenini, mlango mmoja umefungwa na madirisha yana nondo. Shule na nyumba ya Sinza ni vitu viwili tofauti, najua, ila nondo ni zile zile. Tukakata dirisha moja kila chumba cha kulala watoto tukaweka grili ya kufunguka kutokea ndani, jiko likahamia kibanda cha nje, milango miwili ikageuzwa ifungukie nje. Gharama yake wala haikuwa ya kutisha, mchomeleaji wa mtaani alimaliza ndani ya wiki.

Na hapo ndipo ninapokosana na wale wanaosema vibali vyote ni ulaji. Vingine ni danadana tu, sitatetea, unapelekwa ofisi hii ukaambiwa lete barua ya ofisi ile, ukifika ile wanataka barua ya hii, na hapo pembeni kuna kijana anakuambia mzee hii kitu nikusaidie. Lakini ndani ya ule uchafu kuna maswali matatu manne ambayo ni ya kweli kabisa: sakafu itabeba, watu watatokea wapi, maji machafu yataenda wapi, jirani anasemaje. Tatizo langu ni kwamba hayo maswali ya kweli yamefukiwa chini ya nakala na nakala za kitambulisho, na mtu aliyechoka anashindwa kutofautisha, anaruka yote.

Na ofisi zisipoongea, hata mtu mwenye haki ya kukataa anakataa bure. Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ililipuka katikati ya makazi ya watu, wakafa watu na mamia wakaumia. Mamlaka yao ya nishati, EPRA, ikatoa taarifa kwamba maombi ya kujenga kituo cha gesi pale ilishayakataa mara tatu mwaka 2023, ikitaja umbali wa usalama na msongamano wa watu. Kumbe upande wa pili leseni ya mazingira ilikuwa imeshatoka, na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, wenyewe wakasema ilitoka bila utaratibu na wakasimamisha maofisa. Huyu kakataa mara tatu, yule karuhusu, kiwanja ni kile kile.

Kwa hiyo mpangilio ni kila kitu. Wengi wetu tunaanza na mwisho: kodi ya nyumba ya miezi sita, rangi, meza, bango la biashara, ufunguzi na keki, halafu ndipo tunaanza kuulizia vibali, na wakati huo umeshamwaga hela kiasi kwamba jibu lolote la hapana unalichukulia kama uonevu. Mama mdogo hakununua hata godoro moja mpaka mzee wa nyuma alipoandika ile barua. Hata hivyo bado tunasubiri hati irudi ikiwa imebadilishwa, faili liko wizarani, na kila nikipiga simu naambiwa liko kwenye mchakato.

Wapangaji sasa, maana inboksi yangu imejaa wapangaji, wa zahanati, wa saluni, wa gym hasa hasa. Matumizi ya kiwanja yako kwenye hati ya mwenye nyumba, wewe mpangaji huwezi kuyabadili kwa jina lako, na siku ikipigwa X nyekundu ya kubomolewa ukutani anayepoteza mashine ni wewe. Kabla hujalipa, omba nakala ya hati na usome lile sharti la matumizi, siyo jina. Kama ni makazi, mkubaliane kwenye mkataba nani ataomba mabadiliko, nani atalipa, kodi ya ardhi ikipanda ni ya nani, na kodi ya pango lako ianze kuhesabiwa lini kama kibali kitachelewa. Kama mwenye nyumba anakuambia hati iko benki, mwambie akuletee nakala kutoka hiyo benki. Kama unaweka gym ghorofani, mlipe mhandisi aje akague sakafu kabla hujaagiza vyuma.

Na bango, likifika siku yake, liandikwe maandishi makubwa. Mzee wa nyuma bado ananikumbusha hilo.